Aliyehama Usiku

Msikilizaji wangu wa Kilangali, wa Kilosa mjini, wa Mikumi pale barabarani, na wewe uliye shambani na redio yako umeitundika kwenye mti, nisikilize.

Leo nina habari ya nyumba moja. Siitaji ni ya nani, na wanaoijua naomba wakae kimya kama mimi. Msimu uliopita, mpunga ukiwa umeshavunwa, majirani waliamka asubuhi wakakuta mwenye nyumba hayupo. Mkewe yupo, watoto wapo, kuku wapo. Baiskeli haipo. Mama yule alipoulizwa alisema baba watoto amekwenda kutafuta kibarua. Siku ya tatu wakaja watu wawili kwa pikipiki wakiwa na karatasi. Hapo kijiji kizima kikajua kwamba yule bwana hakwenda kibaruani. Amehama usiku, amekimbia madeni.

Wapo waliomcheka. Mimi sikuweza. Mtu wa kwetu haondoki kwake gizani, akaacha watoto wamelala, kwa sababu anapenda kutembea. Nilikwenda kukaa na mkewe, tukahesabu pamoja. Madeni yalikuwa matatu. Shilingi laki tatu kwa mkopeshaji wa mjini, alizokopa wakati wa kulima ili alipie trekta na mbolea. Shilingi laki nne za kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA. Na shilingi elfu themanini na tano za programu ya simu, zile ambazo unabonyeza mara mbili na fedha inaingia kabla hujamaliza kufikiri.

Mama yule akaniuliza swali ambalo ndilo limenileta hapa leo. "Mwanangu, mtu akishindwa kabisa kulipa, sheria inasemaje? Au sheria ni ya wanaodai tu?"

Nimechukua wiki kadhaa kulitafutia jibu. Wazee wetu walituachia usemi kwamba dawa ya deni ni kulipa, nami siupingi. Lakini dawa ikikosekana dukani mgonjwa hatupwi nje.

Sheria ipo, msikilizaji. Ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25 ya sheria za Tanzania, na chimbuko lake ni 1930, enzi za Mwingereza. Neno lenyewe ni la zamani kuliko Mwingereza. Limetoka kwa Waarabu: muflis ni yule aliyeishiwa dinari na dirhamu akabaki na fulusi, visarafu vya shaba visivyonunua kitu. Sisi tukasema mufilisi, tukasema kufilisika, na tukalifanya neno la aibu. Kwenye sheria halikuwekwa kama tusi. Mufilisi ni mtu aliyetambuliwa na mahakama kwamba mali yake haitoshi madeni yake, na kwamba kuanzia siku hiyo wanaomdai watagawana kilichopo kwa utaratibu, pasiwepo wa kumrukia peke yake.

Tena ofisi inayohusika mnaijua. Ni RITA. Sote tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa. Jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hilo neno la katikati ndilo tunalolipita kila siku bila kulisoma.

Inakwendaje? Anayedaiwa mwenyewe anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu akisema hana uwezo wa kulipa. Anayedai naye anaweza kumpeleka, akionyesha vitendo vinavyoashiria kufilisika, na mojawapo ya vitendo hivyo, sikilizeni vizuri, ni kuihama nyumba yako ili wanaokudai wasikupate. Ndiyo kusema jirani yetu, alipopanda baiskeli yake usiku ule akidhani anaikwepa sheria, alikuwa anafanya jambo ambalo sheria ina jina lake tayari.

Mahakama ikiridhika inatoa amri ya kuiweka mali ya mdaiwa chini ya Mpokezi Rasmi. Kuanzia hapo anayedai deni la kawaida hawezi kuendelea kumsumbua kivyake kwa mashauri na kukamata mali bila ruhusa ya mahakama. Mdaiwa anaandika maelezo ya mali zake zote na madeni yake yote, bila kuficha hata mbuzi. Wanaomdai wanaitwa mkutanoni. Anahojiwa hadharani mahakamani alivyotumia fedha. Wanaweza kukubaliana kulipwa sehemu tu ya deni, au kulipwa kidogo kidogo. Wasipokubaliana, anatangazwa mufilisi, mali inauzwa, wanagawana. Baadaye anaweza kuomba mahakama imwachilie, na akiachiliwa madeni mengi ya nyuma yanakufa kisheria. Uachiliaji huo haujileti wenyewe. Lazima auombe, na jaji atatazama mwenendo wake.

Nimeeleza haraka, na nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu njia hiyo ni ndefu kuliko miguu ya wengi wetu. Fikiria mtu anayedaiwa laki saba na elfu themanini na tano. Asake nauli ya kwenda Mahakama Kuu Morogoro, si mara moja, mara nyingi. Atafute wakili. Alipe ada za maombi. Atakuwa ametumia kutangazwa hana fedha zaidi ya zile alizoshindwa kulipa. Sheria hii ilishonwa kwa kipimo cha mfanyabiashara mwenye ghala na daftari la hesabu. Mkulima wa ekari tatu za mpunga haimtoshi, inamburuta.

Na hata angefika, kila deni lina mwendo wake. Deni la VICOBA lina wadhamini, akina mama watano waliosaini pamoja naye. Yeye akiachiliwa na mahakama, wao hawaachiliwi. Kikundi kitawageukia. Na aliyeshika rehani halali hasubiri mgawo pamoja na wengine, anakwenda kwenye rehani yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetamani kila nyumba ya Kilangali ilijue, maana ndilo lililo karibu nasi zaidi. Tuna Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Hiyo ndiyo inayoongoza mahakama ya wilaya hadi Mahakama Kuu pale mtu anapokazia hukumu, yaani ameshinda kesi na sasa anataka mali ikamatwe. Kifungu chake cha 48 kinataja vitu ambavyo dalali wa mahakama hana ruhusa ya kugusa. Nguo za lazima za mdaiwa, za mkewe na za watoto. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Vifaa vya fundi. Na kama mdaiwa ni mkulima, zana zake za kilimo, na mbegu na mifugo anayohitaji ili aendelee kuishi. Kisha kinataja nyumba ambayo mdaiwa anakaa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Na kinataja shamba analolitegemea kwa riziki.

Rudia nami moyoni: jembe, mbegu, kitanda, sufuria, nyumba ya kulala, shamba la kula.

Hapa Kilangali kuna shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo, na sisi tunajua thamani ya mbegu kuliko wengi. Mtu aliyeiandika sheria ile alijua kwamba ukimnyang'anya mkulima mbegu umemnyang'anya na mwaka ujao, na hapo hata deni lako hutalipwa kamwe. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake zenyewe, kwa hiyo kesi yako ikiwa huko muulize karani au msaidizi wa kisheria kabla ya kunyamaza. Lakini usikubali mtu yeyote akwambie kwamba anayedai anaweza kuingia kwako na kubeba chochote anachokiona. Anayedai hana mkono huo. Mkono ni wa mahakama, na mahakama imewekewa mipaka.

Mbona basi watu wanapoteza nyumba? Kwa sababu ulinzi ule unafanya kazi dhidi ya deni la kawaida. Ukiitoa nyumba yako rehani kwa hiari yako, umeufungua mlango wewe mwenyewe, na kifungu cha 48 hakitasimama mlangoni kukuzuia. Ndiyo maana nasema siku ya hatari si ile dalali anapokuja. Siku ya hatari ni ile ya kusaini, ukiwa na haraka ya trekta na mvua inakaribia.

Jirani yetu alisaini nini? Mkewe alinionyesha nakala. Juu hapakuandikwa mkopo. Paliandikwa "Mkataba wa Mauziano ya Nyumba na Kiwanja". Yaani kwenye karatasi, yule bwana hakukopa laki tatu, aliuza nyumba kwa laki tatu. Akilipa, karatasi inachanwa. Asipolipa, mkopeshaji ni "mnunuzi".

Hila hii ni kongwe, na si ya hapa peke yake. Unguja na Pemba karne ya 19 palikuwa na kitu kilichoitwa bei khiyari. Mwenye shamba la karafuu alihitaji fedha, dini inakataza riba, basi akamuuzia mwenye fedha shamba lake kwa makubaliano ya kulinunua tena ndani ya muda fulani, na wakati huo alibaki palepale akilipa kama mpangaji. Lilionekana kama biashara, nalo lilikuwa mkopo. Bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba mengi yakawa yameshikwa na madeni, mpaka 1934 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ikalazimika kusimamisha kwa muda unyang'anyaji wa ardhi kwa ajili ya madeni, na 1938 ikatunga sheria ya kuyasuluhisha. Hapa bara Mwingereza alitumia njia nyingine: alizuia mtu asiye mwenyeji kumdai mwenyeji mahakamani, isipokuwa kama mkopo uliandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Alisema anamlinda Mwafrika. Kwa kweli alimfungia nje, maana nani atakukopesha kama hawezi kukudai?

Turudi kwenye karatasi ya mama yule, kwa maana ina matundu. Tundu la kwanza, yeye mwenyewe hakusaini wala hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tundu la pili, kiwanja kile ni ardhi ya kijiji, na mauziano ya ardhi ya kijiji yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Hapakuwa na kikao, hapakuwa na muhtasari, hapakuwa na muhuri. Kwa hiyo wale vijana wa pikipiki walikuja na karatasi nzito machoni, lakini mbele ya baraza la ardhi au hakimu ingepata taabu kusimama.

Na riba je? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka wakopeshaji wa namna ile chini ya Benki Kuu. Lazima wawe na leseni, na ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hesabu na mimi. Laki tatu kwa asilimia 3.5 ni shilingi 10,500 kwa mwezi. Kwa miezi sita, tangu kulima hadi kuvuna, ni 63,000. Yule bwana alitozwa asilimia 30 kwa mwezi, yaani 90,000. Miezi sita, 540,000 za riba peke yake, na laki tatu bado ipo palepale inamtazama. Watu wetu waliita mikopo hii kausha damu, na sijasikia jina lililo sahihi kuliko hilo. Walimu wa hapa nao wanaijua, wale walioacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia yeye ndiye wa kwanza kuuona. Mwalimu, kadi yako irudishe mfukoni mwako. Usione haya kuidai.

Deni la simu nalo lina adabu zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Wengine tulipata ujumbe kwenye simu zetu kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe, na kosa letu lilikuwa kuwa na namba kwenye simu yake. Kumwaibisha mtu kwa ndugu na wakwe si njia ya kudai. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Ulichopokea ni deni, nalo lilipwe. Heshima yako hukuiweka dhamana.

Na polisi? Kushindwa kulipa deni si jinai. Kumdanganya mtu ili akupe fedha ni jinai. Hivyo ni vitu viwili, na anayekutishia lockup kwa deni la kawaida anavichanganya kwa faida yake. Ipo njia ya mdaiwa kufungwa kama mfungwa wa madai, lakini hiyo inapita mahakamani, baada ya hukumu, anayedai anamlipia mdaiwa posho ya chakula, na mahakama inamsikiliza kwanza kama hana au hataki. Mtu aliyejificha Ifakara atasikilizwaje? Aliyekimbia anafanana na asiyetaka, hata kama kweli hana.

Mke wa jirani yetu aliniambia pia kwamba ana shemeji aliyeko Texas, Marekani, ambaye alimtumia sauti kwenye simu: kaka atangaze kufilisika tu, huku watu wanafanya hivyo na nyumba wanabaki nayo. Shemeji hakudanganya. Kule sheria ya ufilisi ni ya nchi nzima, lakini mdaiwa anachoruhusiwa kubaki nacho kinategemea sana jimbo analoishi. Texas inailinda nyumba ya kuishi hata iwe ya thamani kubwa, mradi eneo lisizidi kipimo. Ukivuka kwenda jimbo jingine, ulinzi unaweza kuwa mdogo sana. Na kwa sababu watu walikuwa wanahamia majimbo yenye huruma kabla ya kufilisika, sheria yao ya 2005 ikasema lazima uwe umeishi jimboni siku 730 ndipo utumie kinga zake. Basi sauti ile iliyotoka Texas haiwezi kulinda nyumba ya Kilangali. Hata Zanzibar, tulio nchi moja nao, wana mahakama zao na sheria zao za madai.

Cha kutamani ni cha majirani zetu Wakenya. Sheria yao ya Ufilisi ya 2015 ina mlango mdogo kwa mtu mdogo. Asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 400,000 za kwao, na hajawahi kutangazwa mufilisi, anapeleka ombi kwa Mpokezi Rasmi bila kupita kwa jaji, na likikubaliwa, baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa. Mwenye kipato kidogo naye ana njia ya kuomba alipe kwa awamu. Mimi nataka mlango wa namna hiyo hapa kwetu, ufunguliwe wilayani Kilosa, si Morogoro wala Dar es Salaam. Nalisema wazi, na mbunge akisikia asikie. Watu wa bonde hili walishuhudia Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009, nyumba na mazao vikaenda na maji. Mafuriko hayamsombi aliyekopa kwa uzembe akamwacha aliyekopa kwa bidii.

Mpaka mlango huo ufunguliwe, tuna wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya 2017, na msaada wao hautozwi fedha. Muulize mtendaji wa kata akuelekeze. Nenda na karatasi zako zote, hata zile zinazokutia aibu.

Nimalize na wewe, kaka yangu uliyeondoka na baiskeli. Nasikia matangazo haya yanashika mpaka Ifakara, na nasikia uko huko. Mkeo amekataa kuhama. Wiki iliyopita tulikwenda naye kwa mtendaji, mwenyekiti wa kijiji akaisoma karatasi ile ya mauziano mara mbili, akasema hana habari nayo na kikao cha kijiji hakijawahi kuiona. Akina mama wa VICOBA wamekubali kukusubiri hadi mavuno, ila wanataka wayasikie kinywani mwako, si kwa mkeo. Mkopeshaji ameandikiwa barua aje na leseni yake, wakae mezani. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Mbegu ile uliyoiweka juu ya dari mama watoto hakuiuza. Ameshaanza kuloweka.